Chuma cha Mtama: mikono ipo, vyeti viko wapi?

Kiumbe mashuhuri kuliko wote aliyewahi kutoka mkoa wa Lindi hasimami kwa nguvu zake. Ni mjusi mkubwa wa kale, dinosaria, na yuko Berlin, kwenye makumbusho ya Museum für Naturkunde, mita 13.27 kutoka sakafuni hadi utosini, na kinachomshikilia asiporomoke ni chuma. Mifupa yake ilichimbuliwa Tendaguru, kilima kilicho kaskazini mwa Mtama, kati ya mwaka 1909 na 1913. Wapagazi walibeba zaidi ya tani 200 za mifupa kwa miguu hadi bandari ya Lindi, safari ya siku nne hivi. Watu wa kusini tunaijua hadithi hiyo. Tunaisikia hata bungeni kila linapoulizwa swali la mjusi atarudi lini, na wachache wanalijua pia jina la Boheti bin Amrani, msimamizi wa vibarua ambaye wataalamu wa Kijerumani, Werner Janensch na Edwin Hennig, walimtegemea pale machimboni.

Habari ya chuma ndiyo sijawahi kuisikia ikisimuliwa. Mjusi alisimamishwa mara ya kwanza mwaka 1937. Mwaka 2005 akateremshwa mfupa baada ya mfupa ili jumba likarabatiwe, na 2007 akasimama upya, miguu ikiwa imenyooka zaidi kama sayansi ya sasa inavyotaka. Fremu yake mpya ilitengenezwa na kampuni ya Kanada, Research Casting International. Mafundi walipinda vyuma kufuata umbo la mifupa yenyewe, ili mzigo ukae juu ya chuma bila mfupa kuumia, na mtafiti akitaka mfupa mmoja aweze kuutoa. Ukiondoa umaarufu wa mzigo, hiyo ni kazi ya fundi chuma wa kawaida: kupima, kukata, kupinda, kupanga, kushikiza, kuchomelea. Ndiyo kazi inayofanyika leo Mtama, chini ya vibanda vya mabati kando ya barabara iendayo Masasi.

Namtaja mjusi kwa makusudi. Kusini tumezoea kuhesabu utajiri kwa kinachotoka ardhini: mifupa ya Tendaguru, gesi ya Songosongo na Mnazi Bay, madini ya kinywe ya Ruangwa. Mtu wa kukishika kinachotoka ardhini tumekuwa tukimwagiza kutoka mbali, huku vijana wenye mkono mzuri wakibaki kutengeneza grili za madirisha.

Si kwamba grili ni kazi ndogo. Mtama ni makao ya halmashauri ambayo hadi miaka michache iliyopita iliitwa Lindi Vijijini, na nyumba za matofali zinaongezeka. Mbao nzuri si rahisi kama zamani. Mvule wa Rondo, uliokuwa sifa ya wilaya hii, ulivunwa mno tangu enzi za mkoloni, na mbao laini mchwa hawazipi miaka mingi. Kwa hiyo mlango wa nje ni chuma, dirisha ni chuma, kitanda cha bweni ni chuma, keria ya bodaboda ni chuma, tela la trekta ni chuma, na siku hizi hata kenchi ya ghala au ya msikiti ni chuma.

Kalenda ya kazi hiyo ni ya korosho. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kwenye korosho mwaka 2007, mkulima hupeleka mzigo kwenye chama chake cha msingi, mzigo unakwenda mnadani chini ya chama kikuu cha Lindi Mwambao, fedha zinaingia benki. Minada hufunguliwa Oktoba. Bei ikiwa nzuri, Novemba na Desemba fundi chuma hapumziki. Kila aliyejenga anataka geti kabla ya mwaka mpya. Bei ikianguka, mageti yaliyolipiwa nusu yanaegemezwa ukutani hadi yanaota kutu, na mwenyewe hapokei simu. Ufuta unasogeza mambo kidogo katikati ya mwaka, kisha inakuja miezi ya kupulizia mikorosho, kazi ikawa kukarabati mashine za kupulizia, kuchomelea fremu zilizovunjika na kuunga mabomba. Fundi chuma wa Mtama anafuatilia bei ya mnada kama mkulima mwenyewe, na nadhani ana haki ya kuifuatilia kwa wasiwasi zaidi, maana mkulima akikosa ataahirisha geti, hataahirisha chakula.

Mpita njia akiangalia kazi hii huona cheche. Watoto husimama kutazama, mama zao wakiwaita waondoke wasiungue macho. Lakini kazi imekwisha kuamuliwa kabla ya cheche ya kwanza.

Chukua geti la milango miwili, kila mlango upana mita 1.5 na kimo mita 2. Fundi anakata vipande vinne vya bomba la pembe nne, anavilaza chini juu ya vyuma viwili vilivyosawazishwa kwa pima maji, kwa sababu sakafu ya kibanda ni udongo na udongo hauna usawa wa kuaminika. Anasogeza pembe zikutane. Kisha anachukua futikamba na kupima mshazari, kona ya juu kulia hadi ya chini kushoto. Lazima isome mita 2.5. Anapima na mshazari wa pili, nao usome vilevile. Ukitofautiana hata kwa milimita tano, anagonga kona moja kwa nyundo, taratibu, anapima tena. Hapo bado mashine haijawashwa.

Mishazari ikikubaliana, anashikiza kila kona kwa nukta ndogo tu ya moto, mafundi wanasema kutia taki, halafu anapima kwa mara nyingine. Anayejua hamalizi kona moja akahamia nyingine. Anachomelea kidogo hapa, anaruka kona ya upande wa pili, anageuza fremu, anarudi. Sababu ni kwamba moto wa mashine hiyo ni nyuzi joto maelfu kadhaa, chuma kinayeyuka kwenye nyuzi 1,500 hivi, na kikipoa kinasinyaa na kuvuta kila kilichoshikamana nacho. Ukimaliza kona moja moja kwa pupa, geti linapinda mbele ya macho yako na hakuna nyundo itakayolinyoosha likawa sawa kabisa. Geti la namna hiyo utalijua mtaani: linafungwa kwa teke.

Kuna ujanja pia. Bomba likikatwa fupi, pengo linabaki. Fundi mwaminifu anakata kipande kipya. Mwenye haraka anachomeka fito tupu kwenye pengo, anapitisha moto juu yake, anasaga kwa grenda hadi pang'ae, anapaka rangi ya kuzuia kutu, basi. Kwa macho huoni kitu. Chini ya rangi, vipande viwili vimelala jirani bila kuungana. Kwenye geti, hasara yake ni bawaba kung'oka baada ya mwaka. Kwenye kenchi ni habari nyingine. Pwani hii upepo hausukumi paa tu, unalinyanyua. Mei 2024 kimbunga Hidaya kilipopiga pwani ya Mafia na Kilwa, mvua zake zilikata barabara kuu ya Dar es Salaam kule Somanga na watu wa Lindi na Mtwara wakabaki kama wako kisiwani kwa siku kadhaa. Kenchi ya ghala inayojengwa leo inapaswa kuvumilia siku kama hiyo, na mwenye jukumu ni kijana aliyeinama chini ya paa akiwa na fito ya milimita 2.5 mkononi.

Mashine yenyewe imebadilika. Mafundi wakubwa walianza na mashine za kusuka, yaani waya wa shaba uliozungushwa kwa mkono kwenye vipande vya chuma, ndani ya boksi zito lililohitaji wanaume wawili kulinyanyua. Nyingine zilipozwa kwa mafuta. Zilitafuna umeme na kuzimisha taa za majirani, na ugomvi wa kijiji ukaanzia hapo. Sasa kuna mashine za Kichina zinazoningʼinizwa begani kama mkoba. Umeme ndio uliobaki kisingizio cha halali: kwa miaka mingi Lindi na Mtwara zilijitegemea kwa umeme wa gesi ya Mnazi Bay, nje ya gridi ya taifa, na ulipopungua nguvu moto wa fito nao ulipungua, ukaacha chuma kimebandikwa badala ya kuunganishwa. Mteja analaumu fundi. Fundi anasema “umeme, mama,” na mama haamini, kwa sababu wiki iliyopita pia aliambiwa kesho.

Historia ya chuma pwani hii ni ndefu kuliko tunavyojipa sifa. Neville Chittick alipochimba magofu ya Kilwa Kisiwani miaka ya 1960, tabaka za chini kabisa, za kabla ya majumba ya mawe na masultani, zilitoa mavi ya chuma, masalia ya watu waliokuwa wakiyeyusha chuma wenyewe. Karne ya 12 mwanajiografia al-Idrisi aliandika kuhusu chuma cha pwani ya Afrika Mashariki kilichopelekwa hadi India. Baadaye ndipo tukawa wa kuletewa.

Tuliletewa kwa fujo baada ya Vita vya Pili. Waingereza walipoanza mradi wao wa karanga mwaka 1947, Nachingwea ikiwa moja ya maeneo matatu pamoja na Kongwa na Urambo, matrekta hayakutosha. Kiwanda cha Vickers-Armstrongs kikachukua vifaru vya vita aina ya Sherman na kuvigeuza matrekta, vikaitwa Shervick, vikaletwa kung'oa pori la Tanganyika. Vilishindwa. Mradi mzima ulifutwa mapema mwaka 1951 ukiwa umekula pauni milioni 36 hivi. Reli iliyojengwa kutoka pwani kwenda Nachingwea haikudumu hata miaka 20, ikang'olewa. Hapo kuna funzo kwa wapangaji wa miradi, lakini fundi chuma anaona jingine: kipande cha reli ndiyo fuawe bora kuliko zote, na ukikipata hukiuzi.

Mtama yenyewe ilipata chuma chake miaka ya 1970. Serikali, kwa mikopo ikiwemo ya Benki ya Dunia, ilijenga viwanda 12 vya kubangua korosho vyenye mitambo ya Kiitaliano na Kijapani, kimoja hapa Mtama. Wakati viwanda vinakamilika, korosho zilikuwa zinaporomoka, kutoka tani 145,000 msimu wa 1973/74 hadi chini ya tani 20,000 katikati ya miaka ya 1980. Viwanda vikazima, vikaja kubinafsishwa. Kwa fundi, kiwanda kinachofanya kazi ni shule: kila siku kuna kitu kimevunjika, kuna mkubwa wa kukuonyesha, kuna mchoro wa kusoma. Kiwanda kikilala, anayejifunza anabaki na geti.

Ndipo ikaja gesi. Bomba la Songosongo hadi Dar es Salaam lilianza kupitisha gesi mwaka 2004. Mwaka 2015 likakamilika bomba kubwa la kutoka Madimba, Mtwara, lenye kipenyo cha inchi 36, zaidi ya kilomita 500 ukijumlisha na tawi la Songosongo, likijengwa na Wachina kwa mkopo wa China. Ukichukulia kila kipande kina mita 12, basi kila kilomita ina maungio zaidi ya 80. Kila ungio hupigwa picha ya mionzi, na lenye kasoro hukatwa. Kazi ya kuchomelea ya maelfu ya siku ilipita ndani ya mkoa wa Lindi, na vijana wengi wa hapa walioipata waliipata kwa kuchimba mtaro na kulinda vifaa usiku.

Kilichowazuia hakikuwa ubaguzi peke yake. Mchomeleaji wa bomba la gesi hapokelewi kwa maneno. Anapewa kipande cha bomba kilichofungwa kwa mshazari wa nyuzi 45, hakizunguki. Anazunguka yeye, anachomelea kwa chini, kwa ubavu, kwa juu, wakati mwingine amelala chali. Akimaliza, kipande kinakatwa vipande, vinapindwa hadi kuonekana kama ungio litapasuka, au kinapigwa picha. Akifaulu anapewa cheti cha mtindo huo wa kazi na unene huo wa chuma. Akikaa miezi sita bila kuchomelea kwa njia hiyo, kwa kanuni za Kimarekani zinazotumika sana kwenye sekta hii, cheti kinapoteza nguvu, anapimwa upya. Fito zake si zile za grili. Zinatunzwa kwenye oveni zisinyonye unyevu, kwa sababu unyevu huleta nyufa zisizoonekana. Fundi wa Mtama aliyezoea kuacha fito zake kwenye ndoo ya plastiki wakati wa masika anaweza kuwa na mkono mtulivu kuliko wa mgeni, bado atafeli.

Tumekuwa tukisubiri mtihani mkubwa zaidi. Mradi wa kusindika gesi kuwa kimiminika pale Likong'o, manispaa ya Lindi, unatajwa kugharimu dola bilioni 42. Eneo lilitengwa zaidi ya miaka kumi iliyopita. Mei 2023 ilitangazwa kwamba mazungumzo ya msingi na kampuni, zikiongozwa na Equinor na Shell, yamekamilika. Halafu yakarudi mezani. Hadi ninapoandika, uamuzi wa mwisho wa kuwekeza haujatolewa. Wako vijana waliosomea uchomeleaji kwa ajili ya Likong'o ambao sasa wana watoto wa shule.

Mimi nawaambia wasiisubiri. Bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443, halikusubiri Lindi. Bwawa la Julius Nyerere la megawati 2,115 limejengwa kwenye Rufiji, mlango wa pili kutoka kwetu, na ndani yake kuna mageti ya chuma na mabomba makubwa ambayo yote yamechomelewa na mtu. Miradi hii hupita. Mwenye cheti huingia nayo, asiye nacho husikia kwenye taarifa ya habari.

Na cheti hakihitaji mtu wa miaka 35 kurudi kukaa darasani miaka mitatu. VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kutambua ujuzi uliopatikana nje ya mfumo rasmi. Fundi wa mtaani anapimwa kwa kazi anayoijua, anaonyeshwa mapungufu, anafundishwa kwa muda mfupi yale anayokosa, anapewa cheti kinachotambulika. Serikali imekuwa ikigharamia sehemu ya mafunzo hayo kwa vipindi. Mapungufu yenyewe yanajulikana mapema: kusoma mchoro na usalama. Mafundi wetu wengi hutengeneza kwa picha ya simu. Mteja anaonyesha geti aliloliona Dar es Salaam, fundi analitazama, anakariri, anatoa kitu kilichofanana. Kipaji hicho ni cha kweli, lakini mkandarasi hatoi kazi kwa kipaji, anatoa mchoro wenye alama zinazosema ungio hili liwe nene kiasi gani na lifike wapi.

Usalama ndiyo sura mbaya zaidi. Pita vibandani uone miwani ya jua ikitumika badala ya kofia ya kuchomelea yenye kioo maalumu. Mwanga ule huchoma ngozi ya jicho, na maumivu hayaji papo hapo. Yanakuja usiku, mtu anaamka akihisi amemwagiwa mchanga machoni, anafungiwa vipande vya kiazi. Kwa kawaida hupona baada ya siku moja au mbili, ndiyo maana hajifunzi. Anayechomelea bomba la mabati bila kuondoa ile ngozi ya zinki huvuta mafusho yanayomletea homa na ladha ya chuma mdomoni jioni. Dawa inayosifiwa ni maziwa. Maziwa huenda tumboni, mafusho yako kifuani. Mwaka 2017 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliuweka moshi wa kuchomelea kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani, kundi moja na moshi wa sigara. Sheria yetu ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ni ya mwaka 2003 na inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kinga. Lakini kijana wa kibandani, anayesugua kutu na kumwita bosi wake mjomba, katika karatasi si mwajiriwa wa mtu.

Halmashauri ya Mtama ina njia mbili mkononi ambazo hazihitaji Likong'o. Ya kwanza ni ile asilimia 10 ya mapato ya ndani inayokopeshwa kwa wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, mikopo iliyosimamishwa 2023 na kurejeshwa 2024. Kikundi cha mafundi watano kikikopeshwa mashine nzuri, kofia tano na oveni ya kukaushia fito, hicho ni kiwanda. Ya pili ni ununuzi. Sheria inataka asilimia 30 ya ununuzi wa taasisi za umma itengwe kwa makundi maalumu. Fremu za madawati, vitanda vya mabweni, mageti ya shule na kenchi za zahanati zinaweza kutengenezwa hapa hapa, kwa sharti moja: mkataba udai mafundi waliopimwa na VETA, na mkaguzi aje kabla ya rangi, si baada. Sharti hilo likiandikwa leo, mwaka kesho vijana watapanga foleni kupimwa bila kuhimizwa na mtu.

Nawe unayesubiri fedha za korosho uagize geti, lione kabla halijapakwa rangi. Nenda na futikamba, pima mishazari yote miwili. Angalia kila ungio; kama kuna pengo lililojazwa fito, likatae. Ukikuta kazi ni safi, lipa bei mliyopatana, na usimwambie fundi apunguze tena.